Jiko la Kupokea Moto wa Mama

Nyumba yetu ya Ruiru ilikuwa imekwisha, rangi imekauka, na kitu kimoja tu kilikuwa hakijaamuliwa: jiko. Mimi nilikuwa nimeshaamua zamani, tena kwa moyo wote. Nilitaka jiko la stima. Nililiona dukani Thika, jeupe pe, lina koili nne juu, na muuzaji alipozungusha kitasa koili moja ikaanza kubadilika polepole, kahawia, halafu nyekundu, mpaka nikacheka peke yangu pale dukani kama mtu aliyetekenywa. Moto bila kiberiti! Bila masizi! Bila kupuliza! Wallahi, niliporudi nyumbani sikula chochote jioni ile, nilikuwa nimeshiba jiko.

Siku hizi binti yangu hunionyesha majiko ya kioo yanayopika kwa nguvu za sumaku. Sufuria inachemka na kioo chenyewe hakiwaki, na ananiuliza achukue hilo ama gesi. Namwambia akae chini kwanza. Miaka ya tisini swali lilikuwa lile lile, ila letu lilikuwa na mama ndani yake.

Mama aliishi Majengo, Thika, kwenye nyumba ileile aliyoingia akiwa bibi harusi. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alipikia jiko la makaa, na mvua ikinyesha alipikia ndani, mlango umefungwa, moshi ukizunguka ukikosa pa kutokea. Kifua chake kilikuwa kimeanza kupiga filimbi. Akipanda ngazi mbili tu anasimama, anajifanya anatengeneza leso, kumbe anatafuta hewa. Nilimpeleka hospitali, na daktari akamweleza kwa upole kwamba kama moshi ule hautatoka kwake, basi pumzi ndiyo itakayotoka.

Kwa hivyo tulitaka ahamie kwetu Ruiru. Chumba chake kilikuwa tayari, kile kinachopata jua la asubuhi, nimekitandika mwenyewe. Lakini mama hakuwa mtu wa kuhamishwa kama kabati. Aliniambia waziwazi kwamba yeye si mgeni wa kukaa kwenye kiti akiletewa kijiko, akija kwangu atapika, na kama hataweza kupika kwenye jiko langu basi atabaki na lake. Na akaongeza, usiache mbachao kwa msala upitao. Alipenda sana methali hiyo, hasa akiwa hataki kubishana.

Hapo mambo yakawa wazi. Tukipata jiko atakalolikubali mama, atahama na atapumua. Tusipolipata, atabaki Majengo na makaa yake, na sote tulijua mwisho wake.

Mume wangu alitaka gesi. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda kimoja Thika, na kila siku alikuwa akiona mashine zikizimika katikati ya kazi, basi stima hakuiamini hata kidogo. Alisema stima ya Ruiru inakuja ikitaka na kuondoka bila kuaga. Mimi nikamwambia gesi ni bomu lililopakwa rangi. Tena siku hizo kila kampuni ilikuwa na mtungi wake na kichwa chake cha kufungulia gesi, ukinunua hapa huwezi kujazia kule, na ikikuishia unatembea na mtungi begani ukiuliza duka hadi duka. Tulibishana wiki nzima, tukila tunabishana, tukitandika kitanda tunabishana. Mwishowe nikasema ngoja ngoja huumiza matumbo, tumwachie mama ajaribu mwenyewe, na atakalolikubali ndilo hilo. Nilikuwa na hakika nimeshinda. Nani angeona koili ile nyekundu akaikataa?

Jirani yetu mpya Ruiru, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na jiko la stima la koili mbili, akakubali tuje kulijaribu Jumamosi. Mama akaja na sufuria zake mwenyewe kwenye kikapu, kwa sababu hapikii cha mtu. Akasema atapika pilau. Nilifurahi mpaka mikono ikanitoka jasho. Nikazungusha kitasa mwenyewe, kwa madoido, kama nilivyomwona yule muuzaji akifanya.

Jamani, sufuria! Sufuria za mama zilikuwa zimekaa juu ya meno matatu ya jiko la makaa miaka na miaka mpaka vitako vyake vikafura vikawa vya mviringo. Kwenye makaa hiyo si shida, moto unafuata sufuria popote ilipo. Lakini juu ya koili ilisimama kwa ncha yake tu, ikayumba huku na huku, na mimi nikaishika kwa kitambaa pande zote mbili nikiomba itulie. Katikati kunachemka, pembeni baridi. Mama akasubiri, akatazama, akasubiri.

Mchele ulipokauka maji, mama alinyoosha mkono kando bila kufikiri, akitafuta koleo la makaa. Pilau kwetu hukamilika kwa kupaliwa. Unafunika sufuria, unapunguza moto wa chini, na unapanga makaa juu ya mfuniko ili wali uive kwa juu na kwa chini. Mkono wake ukabaki hewani. Akaniuliza, bila kejeli yoyote, hapa anapalia na nini. Mwalimu akanitazama mimi, na mimi nikaitazama koili. Tulikuwa bado tunatafuta jibu stima ilipopotea. Koili ikaanza kufifia taratibu, nyekundu, kahawia, nyeusi, na mchele wetu ukabaki na kiini kama changarawe.

Mama akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika ukuta, na mwalimu akamkimbilia na maji. Mimi nilikuwa na hasira ya kulia. Nililikasirikia jiko, stima, vitako vya sufuria, ukuta na kila kitu. Mume wangu aliposikia hakusema “si nilikuambia?” Aliuma mdomo tu, na ninavyomjua, ile ilimgharimu.

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya gesi. Tulirudi lile duka la Thika, mimi na mama, na muuzaji akatuwekea jiko dogo mezani na mtungi wake chini. Mama akagoma kuingia. Alibaki barazani, kikapu mkononi, tayari kukimbia. Alikuwa amesikia habari za watu walioezuliwa mabati na gesi, na alizijua zote kwa mtaa na kwa msiba. Muuzaji, kijana mwenye subira kweli, akamwonyesha kwa mbali. Akafungua, akawasha kiberiti, na duara la buluu likatokea.

Halafu akafanya jambo ambalo mimi, na ubishi wangu wote, sikuwa nimelifikiria. Akashusha kitasa. Moto ukashuka hapo hapo, ukawa mdogo wa kubembeleza. Akapandisha, ukapanda. Akashusha tena. Nikamwona mama anasogea hatua moja, halafu nyingine, shingo mbele, mpaka akawa ndani ya duka bila yeye mwenyewe kujua.

“Huu unasikia,” akasema.

Alichukua kitasa mwenyewe akakichezesha juu na chini, macho yake yameng’aa. Akatoa sufuria kwenye kikapu, kumbe alikuwa ameibeba, akaiweka juu ya vyuma vinne vya jiko na ikakaa, kitako chake kilichofura kimeingia katikati ya moto kana kwamba kilitengenezwa kwa ajili hiyo. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kwa moto mdogo namna hii huenda hata pilau isidai makaa juu. Nilikuwa nimeshaisahau koili, nilikuwa nimeisaliti kabisa, nilikuwa mtu wa gesi tangu kuzaliwa.

Ndipo mama akamuuliza muuzaji moto huu unatoka wapi. Kijana akamwonyesha mtungi. Mama akatikisa kichwa, akashukuru, akachukua sufuria yake, akatoka nje. Nilimfuata nikiwa nimechanganyikiwa. Nikamuuliza kama anaogopa kulipuka. Akasema hapana, hilo limekwisha. Tukakaa kwenye benchi nje ya duka la nguo, na hapo ndipo alinieleza jambo ambalo nilikuwa nimelisikia vipande vipande tangu utotoni bila kulitilia maanani.

Mama alizaliwa Murera, kwenye shamba la watu wake, Wakikuyu wa kanisani. Baba alikuwa Mwislamu wa Majengo, mtoto wa mtu aliyetoka upande wa Tabora. Mama alipoolewa na kusilimu, kaka zake walisema hana kwao tena. Hakuna aliyemsindikiza. Lakini siku chache baadaye, shosho, mama yake, alitembea kutoka Murera hadi Thika na makaa yanayowaka kwenye kigae cha chungu, yamefukiwa majivu. Kwao, nyumba mpya haianzishwi kwa moto wa kuokota. Moto wa binti unatoka kwenye mafiga ya mama yake. Kama hukuletewa moto, wewe umetupwa. Ukiletewa, una kwenu, hata wanaume waseme nini.

Alipofika kwenye kisa cha baba alianza kutabasamu. Baba, maskini, aliposikia mama mkwe anakuja, alihangaika akawasha jiko kubwa, akaweka chai, kwa sababu Majengo mgeni hapokewi na jiko baridi. Shosho akaingia, akalitazama lile jiko, akalibeba hadi uani, akayamwagia maji makaa yote ya mkwewe, tss, mbele ya macho yake. Kisha akarudi akaweka yake, akapuliza, na chai ya baba ikachemkia moto wa Murera. Tangu siku ile moto ule haujawahi kufa, mama alisema. Baba alikuwa akimtania kwamba umekufa mara mia, na mama akimjibu kwamba ukizimika huomba kaa kwa jirani, na jirani aliupata kwake, basi ni ule ule.

“Sasa nikija kwako nauacha,” akasema. “Nitakuwa naishi kwa moto wa duka.”

Nilisimama pale pale. Watu wawili walinipita wakanitazama. Nilikuwa nimeona kitu na kilinijaa kifuani hata nikashindwa kukisema vizuri.

“Mama, gesi haijali imewashwa na nini.”

Akanitazama.

“Hata na kaa?”

“Hata na kaa.”

Akafikiri. Akaniuliza na ikizimwa baada ya kupika je, maana gesi si ya kuacha ikiwaka. Kabla sijajibu akajijibu mwenyewe kwamba hilo si neno, moto ukishaijua nyumba, kiberiti ni cha kuuamsha tu. Kisha akaniuliza kama stima nayo inaweza kupokea. Nikamwambia stima haipokei, inakuja na mambo yake kutoka huko inakotoka. Basi, akasema, hiyo tuwaachie wenyewe. Akainuka kwenye benchi bila kushika goti. Ningeweza kumbeba mgongoni hadi Ruiru siku hiyo hiyo.

Tulinunua jiko la gesi. Nilikuwa na furaha ya kijinga, nikilipangusa hata kabla halijachafuka. Mume wangu nilimwambia mama amekubali gesi, naye akafurahi sana kwamba ameshinda, hata nafasi ya kumweleza sababu sikuipata. Alikuwa akizunguka nyumba akipiga mluzi. Nilimwacha na ushindi wake.

Siku ya kuhama, jirani wa Majengo alituazima pikapu yake na dereva. Tukapakia kitanda, godoro, sanduku la nguo, na kapu la vyombo. Mama alikaa mbele, na mapajani alipakata chetezo chake cha udongo, kile cha kufukizia ubani, kimejaa majivu. Ndani ya majivu yale kulikuwa na makaa matatu makubwa yanayoishi. Kaa la Kikuyu ndani ya chetezo cha Majengo, nani mwingine angekuwa nalo? Nilikaa kando yake nikimtazama, na njia nzima kila tulipoingia shimo alifunika chetezo kwa kiganja. Alikuwa amevaa buibui lake jipya. Alikohoa kidogo tu, na katikati ya kukohoa alikuwa anacheka.

Tukaingia kwa lango letu. Mama akashuka, chetezo mikononi, akapita mlango kwa mguu wa kulia, bismillahi, na tukaelekea jikoni. Na kutoka jikoni ikatoka harufu ya tangawizi.

Mume wangu alikuwa amesimama kando ya jiko, taulo ya jikoni begani, ameoga, amechana nywele, uso wote ni tabasamu. Chai ilikuwa inachemka. Duara la buluu lilikuwa linawaka vizuri kabisa. Alikuwa amefanya jambo la heshima kuliko yote ayajuayo, kwamba mama mkwe asikute jiko baridi.

Mama alisimama mlangoni. Nilimwona uso unavyoondoka, sijui niseme vipi, ulikuwepo halafu haukuwepo. Akainama akaweka chetezo sakafuni taratibu.

“Nyumba hii ina moto tayari,” akasema.

Kisha akageuka, na nikamsikia akimwambia dereva huko nje asishushe godoro. Hakuwa na hasira. Ningeweza kupambana na hasira. Ilikuwa ni sauti ya mtu aliyeambiwa kwa adabu kwamba hapa si kwake. Mume wangu alinitazama akiuliza kwa macho amekosa nini, na mimi nilishikwa na hofu ambayo sijawahi kuisahau, kwa sababu niliona wazi pikapu ikirudi Majengo, na mlango ukifungwa mvua ikinyesha, na moshi.

Nilimkimbilia nikamshika mkono. Ndipo nikakumbuka jina langu.

Mimi ni binti wa pili, na kwa Wakikuyu binti wa pili huitwa jina la mama yake mama. Baba alinipa jina la Kiislamu na ndilo lililoko kwenye vyeti vyangu. Lakini mama hakuniita kwa jina hilo hata siku moja. Tangu nikiwa mchanga aliniita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu kwake mimi ndimi shosho wa Murera aliyerudi. Nilikuwa nimelizoea mpaka silisikii.

“Mama,” nikamwambia, “mimi ni nani kwako?”

Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Aliangalia chini, halafu akaniangalia mimi.

“Maitu,” akasema.

Nikamrudisha jikoni nimemshika mkono. Nikamwomba mume wangu asogee, na bila kueleza nikazungusha kitasa. Moto wa buluu ukafa, pap. Chai ikanyamaza. Nikafungua dirisha na mlango wa nyuma hewa ipite. Mume wangu akafumbua mdomo, nikamwambia baadaye, na Mungu ambariki, akaufunga.

Nyuma yangu nikasikia mama anacheka kwa pua. Nilijua anamwona nani. Alikuwa anamwona baba pale uani, miaka ile, akitazama makaa yake yakipigwa maji.

Mama akapiga magoti mbele ya chetezo, akafukua majivu kwa kidole. Makaa yalikuwa meusi kwa juu. Akapuliza. Pumzi haikufika. Akapuliza tena na kikohozi kikamkamata, kile cha kutoka chini kabisa, na majivu yakaruka usoni kwake na kwenye buibui jipya. Akanisukumia chetezo kwa mikono miwili. Hakuweza kusema, ila nilielewa. Nikalala kifudifudi juu ya saruji ya jikoni kwangu, na nguo zangu nzuri zote, nikapuliza. Nilipuliza kwa mapafu yangu yote mawili na ya mama mawili. Jicho moja jekundu likafunguka katikati ya kaa.

Mume wangu, ambaye alikuwa bado hajaelezwa kitu, alikuwa amechomoa njiti ya ufagio na ameshainyoosha kwangu. Nikaigusisha kwenye kaa, nikapuliza, ikashika. Nikamwambia apeleke chetezo nje, mbali na mtungi, na nikampa mama njiti. Nilizungusha kitasa, naye akaingiza ule moto mdogo wa Murera chini ya sufuria ya chai, na duara la buluu likaruka, puu, mama akarudi nyuma hatua mbili na kuanza kucheka, na mimi nikaanza kucheka na kulia, na yule fundi wa mitambo akatutazama sisi wawili kama mashine zilizoharibika.

Mama alimwita mume wangu amrudishie chetezo, akakipeleka uani yeye mwenyewe. Nilidhani anataka kukitunza. Akachota maji kwenye ndoo kwa kikombe, akainama, akamwagia. Makaa yakalia, mvuke ukapanda, na alisimama nje ya mvuke ule akingoja uishe. Sikuwa nimewahi kumwona mama akizima makaa kwa maji maishani mwangu. Kisha akarudi ndani, akavuta kiti, akaketi karibu na moto usiotoa moshi.

“Haya, maitu,” akasema, “mwambie mkwe wangu sasa anaweza kunipa hiyo chai yake.”